Jina la kukodi halilindi kadi ya mgeni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua niseme na ndugu zangu wanaojenga au kununua hoteli huko nyumbani na kutaka kuzipachika majina makubwa ya kigeni. Kilichonisukuma ni mazungumzo ya simu na mdogo wangu aliyeko Arusha. Yeye na wenzake wana hoteli ya ghorofa nne, na wako mbioni kusaini mkataba wa kutumia jina la kampuni ya nje, ule ambao wafanyabiashara wanauita fransaizi. Nikamuuliza wamejipangaje kuhusu kadi za benki za wageni. Akanijibu, "Dada, hayo ni ya wenye jina. Wao wana mfumo wao na wataalamu wao. Sisi tunauza vyumba."

Mdogo wangu si mzembe. Amesoma, hesabu anazijua, na alichosema ndicho wanachoamini wawekezaji wengi. Ndiyo maana nimeona nisimjibu yeye peke yake.

Mimi ni mkaguzi wa hesabu za usiku katika hoteli moja kando ya barabara kuu mjini Columbus, jimbo la Ohio, Marekani. Naingia saa tano usiku, natoka saa moja asubuhi. Usiku kucha niko peke yangu mapokezi. Napokea wageni wanaochelewa, najibu simu, na ikifika saa tisa nafunga siku ya hoteli: nalinganisha kila malipo ya kadi na chumba chake, naangalia baa imeuza nini, kisha natuma jumla ya malipo ya siku benki. Jina lililoko juu ya nguzo nje linajulikana dunia nzima, lakini wenye jina hilo hawajawahi kunilipa hata senti moja. Jengo ni la familia moja yenye hoteli nyingine kadhaa, kila moja na jina lake la kukodi. Familia hiyo ndiyo iliyoniajiri, ndiyo inayonunua kompyuta ninayoitumia, na ndiyo iliyosaini na benki mkataba wa kupokea malipo ya kadi. Hoteli nyingi sana za huku ziko hivyo. Mgeni anaona jina analoliamini tangu utotoni, anatoa kadi bila wasiwasi, kumbe anamkabidhi mtu ambaye hamjui kabisa.

Sasa tufuate njia ya pesa. Mgeni anapochomeka kadi, mashine inapeleka ombi kwa benki ambayo mwenye jengo amefungua nayo akaunti ya biashara. Namba ya mfanyabiashara iliyosajiliwa huko ni ya mwenye jengo. Mwenye kadi akilalamika kwamba malipo fulani hakuyafanya yeye, benki inarudi kwenye akaunti hiyo hiyo na kuchukua pesa. Wachunguzi wakithibitisha kwamba namba za kadi zilivuja kutoka mezani kwenu, kampuni za kadi zinaitoza benki yenu, na benki inawageukia ninyi kwa mujibu wa mkataba mliosaini, tena mara nyingi na gharama za uchunguzi wenyewe juu yake.

Viwango vya usalama wa data za kadi vinavyotumika vinaitwa PCI DSS. Vinasimamiwa na baraza lililoundwa mwaka 2006 na kampuni tano za kadi, yaani Visa, Mastercard, American Express, Discover na JCB. Vina masharti makuu 12, na vinamhusu kila anayepokea, kupitisha au kuhifadhi namba ya kadi, awe na vyumba kumi au elfu moja. Jina lililoandikwa langoni haliulizwi popote.

Nianze na tukio ambalo kila anayetaka kukodi jina angelifahamu vizuri. Mwaka 2017 kampuni ya InterContinental Hotels Group, wenye majina kama Holiday Inn na Crowne Plaza, ilitangaza kwamba programu hasidi iliingia kwenye kompyuta za mapokezi za hoteli zipatazo 1,200 zinazotumia majina yake, karibu zote Marekani. Dalili za wizi zilionekana kati ya Septemba 29 na Desemba 29, 2016. Programu hiyo ilikuwa ikitafuta data zinazosomwa kwenye utepe wa sumaku wa kadi zikiwa zinapita ndani ya kompyuta ya hoteli: namba ya kadi, tarehe ya kuisha, msimbo wa ndani wa uthibitisho, na mara nyingine jina la mwenye kadi. Kadi ikisomwa mapokezi, nakala yake inabaki mikononi mwa mwizi, na mgeni anaenda zake chumbani akiwa na furaha ya safari.

Linaloniuma zaidi katika habari hii ni hili. Kabla ya wizi huo kampuni ilikuwa imeshaleta suluhisho. Ulikuwepo mfumo ambao waliokodi jina waliweza kuufunga, unaoigeuza namba ya kadi kuwa fumbo pale pale inapoingia kwenye mashine, hivi kwamba kompyuta ya hoteli haiioni kabisa namba halisi. Hoteli zilizoufunga kabla ya Septemba 29 hazikuguswa. Zilizoufunga baadaye, programu ile ilikosa cha kuiba tangu siku hiyo. Yaani kati ya majirani wawili wenye jina moja na vitanda vya aina moja, wageni wa mmoja walisalimika na wa mwenzake wakaibiwa, na tofauti ilikuwa kama mwenye jengo ametoa pesa ya mashine mpya au ameahirisha hadi bajeti ijayo. Baadaye kampuni iliwapa waliokodi jina wachunguzi wa kompyuta bila malipo, waje kukagua kama hoteli zao zimeguswa. Wapo waliokataa. Nimejiuliza sana mtu anawezaje kukataa kuangaliwa bure kama nyumba yake ina mwizi. Jibu pekee ninalolipata ni kwamba waliogopa kukijua kile ambacho wangelazimika kukitangaza.

Tukio la pili linahusu kampuni ambayo yenyewe ni mkodi wa majina. White Lodging ya Merrillville, jimbo la Indiana, iliendesha hoteli zenye majina ya Marriott, Sheraton, Westin, Holiday Inn na mengineyo. Ilisema kadi zilizotumika katika hoteli zake 14 zilikuwa hatarini kuanzia Machi hadi katikati ya Desemba 2013, na karibu kote huko wizi haukuwa mapokezi bali kwenye mashine za migahawa na baa. Ikaleta wataalamu wa ulinzi. Halafu ikatangaza wizi mwingine, safari hii katika hoteli kumi, kuanzia Julai 2014 hadi Februari 2015, na kwenye migahawa na baa tena. Wizi wa kwanza ulipojulikana, Marriott ilieleza mara moja kwamba mifumo iliyoguswa ni ya mmoja wa waliokodi jina, si ya kampuni yenyewe. Nawaomba wawekezaji wa nyumbani walitafakari hilo. Siku ya msiba, mwenye jina anajitenga, na kisheria ana sababu zake.

Naogopa jambo hili la baa litapita haraka machoni pa msomaji, kwa hiyo nilikazie. Mwenye hoteli akisikia usalama wa kadi anaiwaza mapokezi, maana ndiko kwenye marumaru na kamera. Mashine ya baa ya juu ya paa, ya spa, ya duka la vinyago, ile inayopelekwa ufukweni mgeni akiwa amelala kwenye kiti, zote zinasoma kadi zile zile. Duka likikodishwa kwa mtu mwingine lakini likatumia intaneti ya hoteli, na lenyewe limo.

Sitaki kuwabebesha wakodi wote lawama, maana haki haiendi hivyo. Kesi maarufu kuliko zote katika jambo hili iliangukia kampuni yenye jina. Mwezi Juni 2012 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani, FTC, iliishtaki Wyndham kwa sababu wezi waliingia kwenye mifumo yake mara tatu kati ya Aprili 2008 na Januari 2010. Mara ya kwanza mlango ulikuwa kompyuta katika hoteli moja mjini Phoenix, Arizona, iliyokuwa imeunganishwa na intaneti na pia na mtandao wa makao makuu. Kutoka hoteli moja wakafika hoteli nyingi. Kwa mujibu wa FTC, namba za kadi zaidi ya 619,000 ziliingia hatarini kwa jumla, na hasara ya ulaghai ikapita dola milioni 10.6. Nyingi ya namba hizo zilipelekwa kwenye anwani ya mtandao iliyosajiliwa Urusi. Na katika hati ya mashtaka kuna jambo ambalo mtu yeyote wa mapokezi akilisoma atashika kichwa: programu ya kuendeshea hoteli ilitengenezwa na kampuni ya Micros Systems, na jina la kuingilia lilikuwa "micros", neno la siri nalo "micros". Namba za kadi zilihifadhiwa kama zilivyo, zikisomeka. Kompyuta nyingine zilikuwa na programu za zamani ambazo zilikuwa hazijapata marekebisho ya usalama kwa miaka.

Wyndham ilipinga mahakamani kwamba FTC haina mamlaka juu ya jambo hilo. Agosti 2015 Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Tatu iliamua mamlaka yapo, na Desemba mwaka huo pande mbili zikamaliza kwa amri ya kudumu miaka 20 yenye ukaguzi wa kila mwaka. Ndani ya makubaliano hayo kuna sharti ninalotaka mdogo wangu na wenzake walisome mara mbili: mitandao ya hoteli zilizokodi jina ihesabiwe kuwa mitandao isiyoaminika, na mkaguzi athibitishe kwamba imetengwa hivyo. Kwa hiyo baada ya kesi ile hata kampuni iliyokubebesha jina lake inatakiwa kukuona kama mtu wa nje anayebisha hodi. Mtu anayehesabiwa wa nje hawezi kudhani kwamba ukuta wa wengine unamkinga na yeye.

Hatari inapita kwenye mlango huo kwa pande zote mbili. Mwaka 2020 Marriott ilitangaza kwamba taarifa za wageni wapatao milioni 5.2 zilichukuliwa kwa kutumia majina ya kuingilia ya wafanyakazi wawili wa hoteli moja iliyokodi jina. Kampuni ilisema haikuwa na sababu ya kuamini kwamba namba za kadi zilikuwa miongoni mwake. Hata hivyo, ni funguo za watu wawili, katika hoteli moja, zilizofungua kabati la mamilioni ya watu.

Watu wa mikutano husema usalama wa kadi ni suala la teknolojia. Mimi niliyekaa nyuma ya meza ya mapokezi huko kwetu na huku nasema sehemu kubwa yake ni karatasi, droo na mazoea. Kabla ya kuja Marekani nilifanya kazi katika hoteli moja ya pwani ambayo sitaitaja. Mgeni wa Ulaya akiweka nafasi, aliombwa atume picha ya kadi yake, mbele na nyuma, kwa barua pepe au kwa WhatsApp. Tulizichapa picha hizo na kuzipachika kwenye faili la siku ya kuwasili. Faili lilikaa rafu ya chini, karibu na mlango wa jikoni. Wapishi, madereva wa watalii, vijana wa mafunzo, kila aliyetaka kuazima kalamu alipita hapo. Zile namba tatu za nyuma ya kadi, ambazo viwango vinakataza kabisa kuzihifadhi malipo yakishaidhinishwa, hata kwa kuzificha kwa fumbo, zilikuwa zinasomeka kwa mtu aliyesimama upande wa pili wa meza.

Na huku Marekani nimeyakuta yale yale kwa sura nyingine. Hoteli ya kwanza niliyofanyia kazi huku ilikuwa na fomu za idhini ya kadi: kampuni inamlipia mfanyakazi wake chumba, inajaza karatasi yenye namba nzima na sahihi, inaituma kwa faksi. Karatasi hizo ziliwekwa kwenye droo isiyo na kufuli, za mwezi huu juu, za miaka iliyopita chini. Zamu zote zilitumia jina moja la kuingilia kwenye kompyuta, la meneja, na neno lake la siri liliandikwa kwenye kipande cha karatasi cha rangi ya njano kilichobandikwa chini ya kibodi. Wakati huo jina lililoko nje lilikuwa linang'aa.

Hoteli niliyoko sasa imebadilika, na nieleze jinsi ilivyo ili isionekane ninadai yasiyowezekana. Kwenye skrini yangu naona namba nne za mwisho za kadi, basi. Namba nzima haipo kwenye kompyuta yetu, imebadilishwa na tokeni, yaani namba mbadala ambayo haina thamani kwa mwizi. Kampuni ikitaka kumlipia mtu wake, tunaitumia kiungo ajaze mwenyewe kwenye ukurasa salama, na karatasi za zamani zilisagwa kwenye mashine. Kila mmoja wetu ana jina lake la kuingilia, na mtu akiacha kazi linafungwa siku hiyo hiyo. Maneno ya siri yamekuwa marefu, maana tangu Machi 31, 2025 masharti yote ya toleo jipya la PCI DSS ni ya lazima, na neno la siri linatakiwa kuwa na herufi zisizopungua 12. Nikiingia zamu naigeuza kila mashine ya kadi, nasoma namba yake ya usajili, nailinganisha na orodha, naangalia kama skrubu zimeguswa au kuna kitu kimepachikwa juu ya sehemu ya kuchomekea. Ni kazi ya dakika chache. Intaneti ya wageni na intaneti ya hoteli ni mbili tofauti, hazikutani. Familia yenye jengo ilitoa pesa kwa haya yote, na najua hawakuzitoa kwa kupenda, lakini walizitoa.

Juu ya mashine, nikumbushe na hili. Tangu Oktoba 2015, huku Marekani kadi bandia ikitumiwa kwa kupitishwa utepe katika hoteli isiyo na mashine ya kusoma chipu, wakati kadi halisi ina chipu, hasara inamwangukia mwenye hoteli. Kabla ya hapo benki ya mwenye kadi ndiyo iliyokuwa ikiibeba mara nyingi. Mashine ya zamani iliyonunuliwa kwa bei rahisi inaweza kuwa ghali kuliko zote.

Kisha kuna simu. Saa nane usiku inapigwa namba ya hoteli, sauti ya mwanamume mpole inasema, "Niunganishe chumba 214." Hataji jina la mgeni. Ukimuunganisha, atamwamsha mgeni na kumwambia, "Hapa ni mapokezi, kompyuta imegoma, naomba unisomee tena kadi yako." Mgeni mwenye usingizi anasoma namba zote mpaka zile tatu za nyuma. FTC imewaonya wasafiri juu ya mchezo huu, lakini dawa yake iko mapokezi: bila jina la mgeni linalolingana na chumba, simu haiunganishwi. Sheria hiyo naishika kwa ukali hata kwa anayenitukana. Wapo pia wanaopiga wakijifanya ni wa makao makuu ya jina, kitengo cha kompyuta, wakitaka ufungue ukurasa fulani ili "wakusaidie" au urudishe malipo kwenye kadi wanayokutajia. Mhudumu aliyeajiriwa wiki mbili zilizopita, akisikia jina la makao makuu, anatetemeka na kutii. Ni nani wa kumfundisha kwamba ana ruhusa ya kukata simu na kumpigia meneja wake? Si makao makuu yaliyoko nchi nyingine. Ni aliyemwajiri.

Siku hizi ujanja umehamia kwenye barua pepe za nafasi za vyumba. Machi 2025 Microsoft ilieleza jinsi wezi wanavyojifanya Booking.com na kuwaandikia wafanyakazi wa hoteli: mgeni amelalamika, bonyeza hapa. Ukurasa unaofunguka unamwelekeza mfanyakazi abonyeze vitufe fulani vya kibodi na kubandika maneno, eti athibitishe kwamba yeye ni binadamu. Kwa mkono wake mwenyewe anakuwa ameingiza programu ya wizi. Hoteli za Zanzibar, Diani, Watamu na Arusha zinaishi kwa nafasi za mtandaoni, na barua pepe ya namna hiyo inaweza kufika Nungwi kwa wepesi ule ule inavyofika London. Mwizi akishaingia kwenye akaunti ya hoteli, anamwandikia mgeni kwa jina la hoteli, akijua tarehe ya safari yake na bei ya chumba, anamwomba alipe upya. Mgeni gani atashuku?

Nina neno zito kuhusu wafanyakazi. Katika hoteli ile ya pwani, malipo ya kadi moja yalikataliwa na benki baada ya mgeni kuondoka, ikaonekana kadi ilikuwa ya wizi. Mwenzangu wa mapokezi, binti aliyekuwa akisomesha wadogo zake, alikatwa mshahara hadi deni likaisha. Hakuwahi kufundishwa kutazama chochote. Mashine aliyopewa ilikuwa mbovu, ikimlazimu kuingiza namba kwa vidole. Bado hasira yangu juu ya jambo hilo haijapoa. Mwenye hoteli anayempa kijana mashine mbovu, neno la siri la pamoja na faili la wazi, kisha akamtoza hasara, anamhamishia mnyonge dhamana aliyoisaini yeye. Tena anajidhuru, maana mfanyakazi anayejua atakatwa mshahara ataficha anachokiona. Mfanyakazi anayejua atasikilizwa atakuja kusema, "Bosi, mashine ya baa ina kitu sikielewi," na saa hizo chache ndizo zinazookoa kadi za mamia ya watu.

Kwa mdogo wangu na wenzake, na kwa kila aliyeko mezani na wenye majina, someni kurasa za mkataba zinazohusu data kama mnavyosoma zile za asilimia ya mapato. Mikataba ya aina hii kwa kawaida inamtaka mkodi afuate PCI DSS kwa gharama zake, atumie mfumo uliochaguliwa na mwenye jina, atoe taarifa haraka akigundua wizi, na amlipie fidia mwenye jina kwa hasara itakayotokea. Ulizeni: mfumo ni wenu, lakini nani anauwekea marekebisho ya usalama, na ndani ya muda gani? Wizi ukianzia makao makuu, fidia inakwenda upande gani? Mashine za kugeuza namba kuwa fumbo zinakuja na mkataba au tunazinunua? Mafunzo ya wafanyakazi yapo kwa Kiswahili? Mwenye jina akikosa majibu yaliyoandikwa, msisaini wiki hiyo. Na mwiteni mtu wa benki yenu akae kwenye kikao kimoja, kwa sababu mkataba wa kadi mnao naye.

Sheria za kwetu nazo zinamtazama aliyekusanya taarifa. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na wanaokusanya na kuchakata taarifa za watu wanatakiwa kujisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019, inayotaka taarifa ya uvujaji wenye hatari imfikie Kamishna wa Ulinzi wa Data ndani ya saa 72. Saa 72 ni siku tatu, na hoteli isiyojua hata namba za kadi imeziweka wapi itazimaliza zote ikipekua droo.

Ombi langu la mwisho, Mhariri, ni kwa Chuo cha Taifa cha Utalii, Chuo cha Utalii cha Kenya, na vyama vya wenye hoteli vya pande zote. Somo la mapokezi liwe na saa za kutosha za kadi: kutambua mashine iliyochezewa, kukataa picha ya kadi kwenye WhatsApp, kukata simu ya mtu anayejifanya makao makuu, kujua nani wa kumpigia usiku wa manane. Kama tayari linafundishwa, lifikishwe na kwa wale walioingia kazini bila chuo, maana ndio wengi wa zamu za usiku. Mabenki yanayogawa mashine za kadi yangeweza kuanza hata mwezi huu, kwa kumkalisha kila mteja mpya wa hoteli pamoja na wahudumu wake, na kutomkabidhi mashine mpaka kikao hicho kifanyike.

Mkaguzi wa hesabu za usiku,
Columbus, Ohio